Lenzi ya zumu ya mbali kwa kamera ya kropu: namna ya kuchagua ukiwa Nakuru, Kisumu au magharibi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nina Canon R50, lenzi ya mbugani ni ipi?" "Nina Sony a6400, je, 55-210 itanifikisha kwa vifaru?" "Si afadhali nijinyime kabisa nichukue 200-600 mara moja?" Nayajibu yote hapa, kwa sababu jibu la mmoja halimfai mwenzake mpaka mambo matatu yajulikane: utasimama wapi, unachopiga kitakuwa umbali gani, na mwanga wa saa hiyo ukoje. Jina la lenzi huja baadaye. (Namba kama 55-210 ni milimita za lenzi, mwanzo na mwisho wa zumu: zikizidi, kitu huonekana kikubwa zaidi.) Wengi huanza na jina, na ndiyo maana lenzi nyingi za bei kubwa zinalala kabatini.

Mwongozo huu ni wa kamera za mirolesi, yaani zisizo na kioo ndani, zenye sensa ya APS-C ambayo sisi tunaiita kropu. Sony a6000 hadi a6700 na ZV-E10 zimo. Canon R100, R50, R10, R7 na ile M50 ya zamani zimo. Nikon Z30, Z50 na Zfc zimo, na vilevile kamera za Fujifilm za familia ya X.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Jina kamili la kamera yako. "Sony ndogo nyeusi" halitoshi. Geuza kamera usome chini au mbele.
- Picha ulizokwisha kupiga kwa lenzi iliyokuja na kamera (16-50, 18-45, 15-45 au 18-55), hasa zile ambazo kitu kilitokea kidogo mno.
- Simu yenye kikokotoo.
- Bajeti iliyogawanywa. Usimalize pesa yote kwenye lenzi. Utahitaji hudi, ile kofia ya kukinga mwanga mbele ya lenzi, kama haiji nayo, kadi ya kumbukumbu yenye kasi na betri ya pili. Kama ni mbuga, kuna kiingilio na gari.
- Nusu siku ya kwenda kuijaribu lenzi kwa mikono yako kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Ijue maunti yako

Maunti ni ile pete ya chuma ambapo lenzi inajifunga. Sony ni E, Canon za R ni RF, Nikon za Z ni Z, Fujifilm ni X. Canon M50 na ndugu zake ni EF-M.

Onyo la kwanza linahusu jina la kampuni. Kampuni moja inaweza kuwa na maunti zaidi ya moja, na hazioani. Lenzi ya EF-M haiingii kwenye Canon R50 hata kwa adapta. Lenzi za Sony za maunti ya A, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu kamera zake zimepitwa na wakati, haziingii kwenye a6400 bila adapta maalumu. Ukiona tangazo la lenzi ya Sony yenye bei isiyoeleweka, uliza kwanza ni E au A.

Adapta zinafanya kazi vizuri sehemu mbili. Kwa Canon, lenzi za zamani za EF na EF-S hukaa kwenye kamera ya RF kwa adapta ya EF-EOS R, na kwenye M50 kwa adapta ya EF-EOS M, na fokasi ya otomatiki, yaani lenzi kujilenga yenyewe, inafanya kazi. Kwa Nikon, adapta ya FTZ hupokea lenzi za F, lakini angalia herufi: AF-S na AF-P hufokasi zenyewe, zile za AF na AF-D utazizungusha kwa mkono, kwa sababu hazina mota ndani na FTZ pia haina. Kumfuata ndege anayeruka kwa kuzungusha kwa mkono ni kazi ngumu mno kwa anayeanza.

Hatua ya 2: Pima umbali kabla ya kuuliza bei

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi. Gawanya 23 kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali wa kitu kwa mita. Jibu ni upana, kwa mita, wa eneo litakaloingia kwenye picha. Hiyo 23 ni upana wa sensa ya kropu kwa milimita. Canon imepungua kidogo na wengine wamezidi kidogo, lakini kwa kazi yetu inatosha.

Tuchukue Ziwa Nakuru. Kifaru mweupe yuko mita 40 kutoka barabarani na una lenzi ya 200mm. 23 kugawanya kwa 200, mara 40, ni mita 4.6. Kifaru mweupe aliyekomaa ana urefu unaokaribia mita nne, kwa hiyo anajaa fremu. Lenzi ya bei nafuu imekutosha kabisa. Sasa msogeze hadi mita 100: kwa 200mm utaona upana wa mita 11.5, na kifaru amekuwa theluthi ya picha. Kwa 350mm ni mita 6.6, na hapo bado una picha nzuri ya kifaru na nyasi zake.

Twende Dunga, Kisumu. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe, yule anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi, ana urefu wa sentimita 25 hivi. Uko kwenye mtumbwi, naye yuko mita 15. Kwa 210mm fremu ina upana wa mita 1.6, kwa hiyo ndege ni chini ya sehemu moja ya sita. Kwa 350mm fremu ni mita moja, ndege ni robo. Kwa 600mm ni sentimita 58, ndege ni zaidi ya thuluthi moja. Ona tofauti: kwa kifaru 200 ilikuwa raha, kwa mdiria 350 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Kitu kinachoamua ni ukubwa wa unachopiga pamoja na umbali wake, na ndiyo maana anayeniuliza "milimita ngapi kwa mbuga" namrudishia swali la mnyama gani.

Uwanjani, ukisimama kwenye kona ya uwanja wa raga wa Nakuru Athletic na mchezo uko mita 50 mbele yako, 200mm inakupa upana wa karibu mita 5.8. Wachezaji wawili wakikabana wanaingia vizuri. Mchezo ukihamia upande wa pili wa uwanja, subiri urudi.

Kukisia umbali si kazi kubwa. Hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Mbugani, jiulize ni Land Cruiser ngapi zingejipanga kati yako na mnyama, halafu zidisha kwa tano. Na kama hutaki hesabu, fungua picha zako za zamani: kama kitu kilikuwa sehemu moja ya kumi ya fremu ulipopiga kwa 50mm, basi kwa 300mm ukiwa palepale kingekuwa sehemu sita za kumi. Milimita zikizidi mara sita, kitu kinakua mara sita.

Onyo la pili: muuzaji akikuambia lenzi ya 350 "inakuwa 525" kwenye kamera yako, anailinganisha na kamera ya fulufremu, yenye sensa kubwa zaidi. Ni kweli kwa kulinganisha, ila usiizidishe tena kwenye hesabu zako. Hesabu ya 23 imekwisha kuijumuisha kropu.

Hatua ya 3: Angalia pia mwanzo wa zumu

Kila mtu hutazama namba kubwa tu. Twiga wa Ziwa Nakuru mara nyingi husimama karibu na barabara wakila migunga, na mbugani huruhusiwi kushuka garini popote upendapo wala kurudi nyuma vichakani. Twiga akiwa mita 15 na lenzi yako inaanzia 100mm, hata ukisimamisha kamera wima utaona mita 3.45 tu kutoka juu hadi chini. Twiga dume hufika mita tano na zaidi. Umemkata miguu au shingo. Kwa lenzi inayoanzia 55mm unapata mita 6.3, na twiga anaingia mzima.

Mtu mwenye kamera moja, ndani ya gari, kwenye barabara yenye vumbi, hataki kubadilisha lenzi kila dakika. Vumbi la Bonde la Ufa likiingia kwenye sensa utaliona kama vidoa vya kijivu kwenye kila anga utakayopiga. Kwa hiyo zumu inayoanzia 50, 55 au 70 ina thamani ambayo haionekani kwenye tangazo.

Hatua ya 4: Soma namba ya f na uilinganishe na saa unayopiga

Lenzi ikiandikwa f/4.5-6.3, maana yake ni kwamba mwanzo wa zumu tundu la lenzi hufunguka hadi 4.5, na mwisho wa zumu hadi 6.3 tu. Namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Kutoka f/5.6 hadi f/4 mwanga unaongezeka mara mbili. Kutoka f/6.3 hadi f/2.8 unaongezeka mara tano.

Kwa jua la Nakuru au Kisumu saa mbili na nusu asubuhi, f/6.3 haina shida yoyote. Jua letu la ikweta hupanda haraka na mwanga hutosha mapema. Shida iko sehemu nyingine. Msitu wa Kakamega, chini ya miti mikubwa, ni giza hata jua likiwa limewaka nje. Mbega na tumbili wako juu, wanaruka, na unahitaji shata, yaani kifunga cha kamera, iwe ya haraka. Pale ambapo lenzi ya f/2.8 ingetumia ISO 1250 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga), ya f/6.3 itataka ISO 6400, na picha itaanza kuonyesha chenga. Ibada za jioni, ukumbi wa shule na mechi za usiku ni hivyo hivyo.

Ushauri wangu ni wazi. Kama asilimia kubwa ya kazi yako ni mchana nje, usilipie f/2.8: ni ghali, ni nzito, na nyingi huishia 140 au 200mm. Kama kazi yako ni ukumbini, basi achana na zumu ndefu, 50-140mm f/2.8 ya Fujifilm au 70-200mm f/2.8 itakulisha kuliko 100-400 yoyote. Na kama unapenda vyote viwili, nunua kwanza ile inayokuletea kipato.

Hatua ya 5: Stabilaiza iwe upande mmoja angalau

Ukivuta zumu hadi 300mm, mtikisiko mdogo wa mkono unakuwa mkubwa kwenye picha. Stabilaiza inaweza kuwa ndani ya kamera au ndani ya lenzi. Kwenye lenzi tafuta herufi hizi: OSS kwa Sony, IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OIS kwa Fujifilm, VC kwa Tamron, OS kwa Sigma.

Sony a6000, a6100, a6300, a6400 na ZV-E10 hazina stabilaiza ndani. Canon R100, R50 na R10 hazina. Nikon Z30, Z50 na Zfc hazina. Ukiwa na mojawapo ya hizo, nunua lenzi yenye herufi. Hapa ndipo watu huteleza na Tamron 70-300mm f/4.5-6.3 ya mirolesi: ni nyepesi na kali, yaani picha zake zina kingo safi, lakini haina VC. Kwenye a6700 yenye stabilaiza ndani ni sawa. Kwenye a6400 utahitaji shata ya haraka muda wote.

Stabilaiza hutuliza mkono wako tu. Haimtulizi mwanariadha wa Iten anayekuja mbio wala furukombe anayeshuka kuchukua samaki. Hao wanatulizwa na shata.

Hatua ya 6: Fikiria utaibebaje

Sony 200-600mm ina uzito unaozidi kilo mbili, bila kamera. 70-350mm ni gramu 625. 55-210mm ni gramu 345. Kama unaenda kazini kwa boda, ukishuka unapanda matatu, halafu unatembea kwenye njia za msitu, hizo namba zitaamua kama lenzi itatoka nyumbani. Lenzi kubwa pia inaita macho ya watu stendi, na kwenye arusi au mapigano ya mafahali kule Ikolomani inawafanya watu wabadilike mbele yako. Mwenye gari lake anayekwenda Bogoria kila mwezi ana hesabu tofauti, na kwake 200-600 ni chombo cha maana sana.

Hatua ya 7: Sasa chagua

*Sony E.* 55-210mm f/4.5-6.3 OSS ni ya kuanzia. Inatosha michezo ya shule na wanyama wakubwa. E 70-350mm f/4.5-6.3 G OSS ndiyo ningempa karibu kila mtu mwenye kamera hizi kama pesa inafika: ina stabilaiza, ni kali hadi mwisho, na inaingia kwenye begi la kawaida. Anayetaka lenzi moja kwa kila kitu atazame Tamron 18-300mm f/3.5-6.3, akijua analipa kwa ukali kidogo kwenye 300.

*Canon RF.* RF-S 55-210mm f/5-7.1 IS ni ndogo na nyepesi mno, na tundu lake ni finyu. RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM ina gramu 635 na fokasi ya haraka; kwa ndege wa mchana ni chaguo zuri sana kwa bei yake. Ile f/8 inatisha watu, lakini kwa mwanga wetu wa asubuhi utaizoea. Msituni usiitegemee. Mwenye bajeti ndogo atafute EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM iliyotumika pamoja na adapta. Mwenye M50 ana EF-M 55-200mm, au 55-250 hiyohiyo kwa adapta yake, na akihamia R siku moja, 55-250 ataenda nayo.

Onyo la tatu: EF 75-300mm f/4-5.6 III iko kila mahali kwa bei ya chini. Haina stabilaiza, na ukifika 300 ukali wake unashuka. Ongeza kidogo upate 55-250 STM.

*Nikon Z.* Z DX 50-250mm f/4.5-6.3 VR huja mara nyingi na kamera kama seti ya lenzi mbili. Ukinunua Z50 au Z30, chukua hiyo seti. Ni lenzi nzuri kuliko bei yake. Zaidi ya hapo kuna AF-P DX 70-300mm VR kwa FTZ. Hakikisha VR imeandikwa, maana kuna toleo lisilo nayo linalofanana.

*Fujifilm X.* XC 50-230mm OIS ni ya kuanzia. XF 55-200mm f/3.5-4.8 ina mwanga zaidi, nzuri kwa sherehe na watu. XF 70-300mm f/4-5.6 R LM OIS WR ina gramu 580, inavumilia manyunyu na vumbi, na ndiyo ya mbugani.

Vile vipande vya kioo vinavyouzwa vikiandikwa "2.2x", vya kuzungushia mbele ya lenzi, viache dukani. Vinaharibu picha.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa kamera yako kabla ya kulipa

Hii ni kwa lenzi mpya na iliyotumika, ila kwa iliyotumika usipunguze hata kipengele kimoja. Kutana na muuzaji mahali pa watu, mchana. Usitume pesa kwa M-Pesa kabla ya kuiona, hata kama kuna "mteja mwingine njiani".

1. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma kwa pembeni, na uchungulie kutoka mbele huku ukizungusha lenzi polepole. Vumbi chache ndani si kitu. Unachotafuta ni nyuzinyuzi nyeupe zinazotawanyika kama mizizi kutoka ukingoni: hiyo ni kuvu. Lenzi zilizokaa muda mrefu kwenye begi karibu na ziwa, kwenye unyevu, ndizo za kuangaliwa zaidi. Ukiona kuvu, rudisha na uage.
2. Vuta zumu hadi mwisho na urudishe, mara kadhaa, sikio likiwa karibu. Mlio wa kukwaruza ni mchanga. Kisha ielekeze chini: ikijitokeza yenyewe kidogo ni uzee wa kawaida, ikishuka kwa kishindo ni dalili ya kuanguka au kutumika sana.
3. Ifunge kwenye kamera. Isicheze kwenye maunti. Vidoti vya shaba nyuma viwe safi, na skrubu zisiwe na alama za kufunguliwa na fundi asiye na vifaa.
4. Simama ng'ambo ya barabara, iwe Kenyatta Avenue Nakuru au Oginga Odinga Kisumu, na utafute kibao cha duka chenye maandishi madogo, kile chenye namba ya simu iliyopakwa kwa rangi ya mafuta. Weka shata 1/1000 ya sekunde, tundu wazi kabisa. Piga ukiwa mwanzo wa zumu, katikati na mwisho. Piga pia kibao kikiwa kona ya kushoto, kisha ya kulia. Kuza picha kwenye skrini: kingo za tarakimu ziwe safi. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine uko sawa, vioo vya ndani vimehama. Hakuna punguzo la bei linalofidia hilo.
5. Stabilaiza: vuta hadi mwisho, bonyeza shata nusu, na utazame kwenye kitundu cha kuchungulia au kwenye skrini. Picha inayotikisika inapaswa kutulia. Piga kwa 1/60 ikiwa imewashwa, kisha imezimwa, ulinganishe.
6. Fokasi: ngojea boda inayokuja kwako. Weka fokasi ya kufuata kitu na picha za mfululizo. Ikiwa nyingi zina ukali kwenye uso wa dereva, mota ni nzima.
7. Linganisha namba ya utambulisho ya lenzi (serial number) na ile ya boksi au risiti.

Muuzaji mkweli atakuacha ufanye haya yote. Anayekuharakisha amekwisha kukujibu.

Hatua ya 9: Mpangilio wa siku ya kwanza

Mnyama aliyetulia: shata 1/500 ukiwa 300mm. Wachezaji: 1/1000. Ndege anayeruka: 1/2000. Tundu liwe wazi hadi mwisho, ISO ya otomatiki yenye kikomo cha 6400, faili ghafi ya RAW kama una nafasi kwenye kadi.

Ndani ya gari, mwombe dereva azime injini. Mtetemo wa dizeli unapita kwenye mlango, unaingia mkononi na kufika kwenye picha. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze maharagwe kilo moja au mbili, uuweke dirishani na ulaze lenzi juu yake. Mfuko huo unashinda stendi yoyote ya kamera ndani ya gari. Milango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, uwe pale.

Mambo yakienda kombo

*Picha zote hazina ukali.* Tazama shata kwanza. Ikiwa chini ya 1/500 kwenye 300mm, ipandishe. Kama vitu vilivyotulia vina ukali na vinavyosogea havina, shata ndiyo tatizo, lenzi haina kosa.

*Asubuhi ni safi, saa sita mchana kila kitu kama kinachemka.* Ni joto linalopanda kutoka ardhini, hasa kwenye kingo tupu za Bogoria na Elementaita. Lenzi ya bei yoyote itaona hivyohivyo. Sogea karibu, au rudi jioni. Ukipiga juu ya boneti ya gari lililosimama sasa hivi, utapata ukungu huohuo hata asubuhi; geukia dirisha la pembeni.

*Fokasi inashika mafunjo badala ya ndege.* Tumia kisanduku kimoja kidogo cha fokasi badala ya eneo zima. Kama kamera ina utambuzi wa wanyama au ndege, uwashe. Angalia pia swichi ya pembeni ya lenzi inayozuia fokasi ya karibu.

*Ndege angani ametoka mweusi.* Anga imeidanganya kamera. Ongeza mwangaza kwa +1 hadi +1.7.

*Vidoa vinavyokaa sehemu ileile kwenye kila picha.* Ni vumbi la sensa. Tumia pampu ya mpira kupuliza, kamera ikiwa imeelekea chini. Usipulize kwa mdomo. Mate yatafanya kazi iwe ya fundi.

*Unyevu ndani ya begi.* Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria: weka lenzi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na uvibadilishe vikishalowa. Usihifadhi kwenye begi la ngozi lililofungwa kwa miezi.

*Kamera inasema hakuna lenzi.* Kama ni Nikon 50-250 au nyingine inayojikunja, huenda hujaifungua. Izungushe hadi alama ya 50. La sivyo, zima kamera, toa lenzi, futa vidoti vya shaba kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, ifunge tena mpaka usikie mlio. Bado ikikataa, ijaribu kwenye kamera nyingine ya maunti hiyohiyo ili ujue kosa liko upande gani. Kama ni lenzi, irudishe na risiti yake wakati waranti ingali hai.